Joto la ekzosi kwenye gari la turbo lililoongezwa nguvu: pa kulizuia na pa kuliachia

Mtu akishaongeza busti (shinikizo la hewa ambalo turbo inaisukumia injini) kwenye gari lake, kinachomkimbiza dukani mara nyingi ni rangi. Kafungua boneti gizani baada ya kulikimbiza, kakuta manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya gesi kutoka kwenye silinda) imeiva nyekundu, kesho yake anatafuta utepe wa joto na blanketi la turbo. Wekundu wenyewe si ajabu. Chuma huanza kung'aa gizani kikifika nyuzi joto 525 hivi za Selsiasi, na gesi inayotoka kwenye injini ya petroli yenye turbo, pedali ikiwa chini kabisa, huwa kati ya nyuzi 850 na 950. Hata injini ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani itang'aa ikibebeshwa mzigo mzito kwa muda wa kutosha. La kujiuliza ni kwamba joto hilo linaelekea wapi, na kifaa gani njiani kinaumia.

Ni joto jingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hesabu ya jumla, nishati ya mafuta hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: moja huzungusha krenki, moja huondoka na maji ya rejeta, moja hutokea kwenye ekzosi. Kwa hiyo injini inayotoa farasi 300, yaani kilowati 220 hivi, inamwaga joto la karibu kiasi hicho hicho kupitia bomba unaloweza kuliziba kwa kiganja. Ukiongeza nguvu kufika farasi 400, mafungu mengine nayo yanakua, lakini nafasi chini ya boneti ni ile ile, nyaya ni zile zile, na mipira ya maji ni ile ile iliyopangwa na watu waliopigia hesabu injini ndogo.

Kinachochanganya wengi ni kwamba sehemu ya joto hilo turbo inalihitaji. Tabini, gurudumu la turbo lililo upande wa ekzosi, haizungushwi na upepo tu. Inazungushwa na gesi yenye moto na shinikizo, ambayo ikipita kwenye panga zake hutanuka, hupoa na kuacha nishati yake pale. Injini ikiwa imeelemewa, gesi inaweza kushuka nyuzi 100 hadi 200 kati ya kuingia na kutoka. Joto lililovujia kwenye kuta za manifoldi kabla ya kufika hapo ni nguvu iliyopotea, na dereva ataihisi kama turbo inayochelewa kuamka. Likishapita tabini halina kazi tena, linatakiwa litoke nje ya gari upesi. Bomba ni moja, lakini nusu yake ya kwanza unahifadhi na nusu ya pili unafukuza.

Kabla ya utepe, uliza kwa nini ni moto kiasi hicho

Kuifunga ekzosi ambayo ni moto kupita kiasi ni kumfunika blanketi mgonjwa wa homa: walio pembeni hawasikii joto, homa iko pale pale. Kwa hiyo fundi makini huanza na kompyuta ya injini.

Kwenye petroli, mshitakiwa wa kwanza ni taimingi, yaani wakati cheche inapowaka. Cheche ikichelewa, mafuta yanaungua wakati pistoni imeshateremka mbali, pistoni inapata kazi kidogo, na joto ambalo lingekuwa msukumo linatoka likiwa zima kupitia vali ya ekzosi. Hapo ndipo unapozaliwa mzunguko mbaya sana. Injini inagonga, yaani mafuta yanalipuka yenyewe nje ya wakati, kwa sababu hewa inayovutwa ni ya moto au mafuta ni hafifu. Kompyuta inachelewesha cheche ili kuinusuru. Ekzosi inazidi kuwa moto. Chini ya boneti panapata moto zaidi. Hewa inayovutwa nayo inapanda. Injini inagonga tena. Mwenye gari anaona nguvu imeshuka mizunguko michache baada ya kuanza kulikimbiza, anaongeza busti. Anazidisha.

Mshitakiwa wa pili ni mchanganyiko wa hewa na mafuta. Petroli ya ziada hupoza, kwa kuwa ikigeuka mvuke hufyonza joto, na isiyopata oksijeni haiungui humo ndani. Watu wa tyuni (wanaorekebisha mipangilio ya kompyuta ya injini) wametumia mbinu hiyo miaka mingi, na viwanda pia, ingawa sasa viwanda vinaiacha kwa sababu ya ulaji wa mafuta na moshi. Ndiyo sababu kizazi cha tatu cha injini ya EA888 ya Volkswagen, kilichoanza 2011, manifoldi yake ya ekzosi imeingizwa ndani ya kichwa cha silinda na kuzungukwa na maji: gesi inapozwa na rejeta badala ya kupozwa na petroli. Ni suluhisho safi, ila ujue maana yake kwa anayeongeza nguvu: joto lile sasa ni mzigo wa rejeta, na rejeta nayo ilipigiwa hesabu ya nguvu ya kiwandani.

Dizeli inakwenda kinyume. Ina hewa ya ziada karibu wakati wote, hivyo kila tone unaloongeza bila kuongeza hewa linapandisha joto. Wenye gari za dizeli waliofungua mafuta na kufurahia moshi mweusi wanatakiwa waelewe kwamba moshi ule ni taarifa ya joto. Hapo dawa ni kupunguza mafuta au kuongeza hewa, na utepe hauongezi hewa.

Halafu kuna kubanwa. Nyumba ya tabini ikiwa ndogo kwa nguvu unayoitaka, au katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) ikiwa imeziba, gesi inarundikana, sehemu yake inabaki ndani ya silinda na kuupasha moto mchanganyiko unaoingia. Mfumo wa kuondoa uchelewaji wa turbo unaotumiwa kwenye magari ya mbio za rali, ule unaochoma mafuta ndani ya manifoldi ili tabini isipunguze mwendo, ni habari nyingine kabisa. Timu za rali hubadilisha turbo kama sehemu ya ratiba ya kazi. Wewe una ratiba hiyo?

Joto linavyosafiri

Linapita kwa kugusana, chuma kwa chuma. Linapita kwa hewa inayolizoa na kulipeleka kwingine. Na linapita kwa miale, bila kuhitaji kugusa chochote. Hiyo ya tatu ndiyo hudharauliwa, na kwenye turbo ndiyo inayounguza vitu, kwa sababu haiendi sawia na joto. Inakua kwa kipeo cha nne cha joto likipimwa kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273). Chukua manifoldi yenye uso wa nyuzi 600, ipandishe hadi 850. Macho yanaona ongezeko la kawaida, lakini miale inayotoka inakaribia kuwa mara 2.7 ya mwanzo. Ndiyo maana waya uliodumu miaka mingi sentimita 10 kutoka kwenye turbo unayeyuka wiki chache baada ya tyuni mpya, na hakuna aliyeusogeza.

Habari njema ni kwamba miale ni rahisi kuizuia. Chuma chenye kutu au chenye uso mweusi hutoa na kupokea karibu miale yote. Alumini iliyong'arishwa hurudisha zaidi ya asilimia 90. Bati jembamba la alumini likiwekwa kati ya manifoldi na kifaa unachokilinda, na likaachiwa nafasi ya hewa ya sentimita moja au mbili kila upande, linafanya kazi kubwa kuliko uzito wake. Nafasi hiyo ndiyo kinga yenyewe. Bati lililokandamizwa kwenye bomba linageuka sehemu ya bomba, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo likigusa manifoldi iliyoiva usitegemee kulikuta. Mabati ya kiwandani mara nyingi ni ya tabaka mbili kwa sababu hiyo, na inasikitisha kwamba ndiyo vitu vya kwanza kutupwa gari linapofungwa manifoldi mpya, kisa hayakai sawa. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningemlipa fundi wa bati akunje mapya.

Karatasi ya rangi ya dhahabu inayobandikwa inafuata kanuni ile ile. Inafaa kwenye boksi la chujio la hewa, kwenye bomba la kwenda intakula (kipoza hewa iliyobanwa na turbo), kwenye ukuta wa mbele ya dereva. Ukiibandika kwenye bomba la ekzosi lenyewe umepamba tu.

Utepe, blanketi na rangi ya seramiki

Utepe unafanya kazi, hilo halina ubishi. Ukifunga manifoldi na daunipaipu (bomba linalotoka kwenye tabini) vizuri, chini ya boneti panapoa na gesi inafika kwenye tabini na moto wake. Ila joto ulilolizuia lisitoke limebaki upande wa pili wa utepe, na upande wa pili kuna chuma. Bomba lililokuwa likipozwa na hewa inayopita sasa linakaribia joto la gesi yenyewe.

Kila chuma kina mpaka wake. Chuma laini cha kawaida hubabuka na kutoa magamba mapema; chini ya utepe kinaweza kuisha bila wewe kuona, hasa kwa kuwa utepe hushika unyevu gari likioshwa au likinyeshewa. Chuma cha pua cha aina ya 304, ambacho manifoldi nyingi za bei nafuu zimetengenezewa, kikikaa kati ya nyuzi 425 na 860 kromi yake hujitenga na kuungana na kaboni pembezoni mwa chembe za chuma, na karibu na maungio ya weldi hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Aina ya 321 imetiwa titani ili kaboni iungane na titani badala ya kromi, ndiyo maana wajenzi wa manifoldi za turbo huipenda. Chuma cha kumimina kinene kinavumilia zaidi ya mabomba membamba yaliyounganishwa kwa weldi, japo watu wanakiona cha kishamba.

Kuna na suala la kutanuka. Bomba la chuma cha 304 lenye urefu wa nusu mita likipanda nyuzi 700 hurefuka milimita 6 na ushee. Kichwa cha silinda kilichofungwa nalo ni cha alumini, ambayo hutanuka zaidi kwa kila nyuzi, lakini kinapozwa na maji na hakipandi hata nyuzi 100. Chenyewe hurefuka chini ya milimita moja kwa urefu huo huo. Flanji ya manifoldi (bamba linaloifunga kwenye kichwa cha silinda) iko katikati ya ugomvi huo. Ndiyo maana mjenzi anayejua kazi yake hukata flanji kati ya tundu na tundu ili kila kipande kijongee chenyewe, hupanua kidogo matundu ya bolti, na huibebesha turbo kwenye kishikizo chake ili uzito wake usining'inie kwenye mabomba yaliyolainishwa na moto. Ukifunga utepe kwenye manifoldi isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, umeharakisha siku ya ufa.

Kwa hiyo msimamo wangu: utepe baada ya tabini, kwenye daunipaipu, hauna madhara makubwa, maana gesi imeshapoa kidogo na bomba halibebi kitu. Kabla ya tabini, ufunge tu kama chuma ni kizuri na kazi ya weldi ni ya mtu unayemwamini. Chagua basalti kuliko fiberglasi ya kawaida pale penye moto mkali, utandike mzunguko mmoja juu ya mwingine kwa milimita chache, usirundike tabaka tatu, na ukaze kwa vibano vya chuma cha pua. Utatoa moshi mara ya kwanza. Ni gundi yake inaungua.

Rangi ya seramiki ni ya kistaarabu zaidi. Ikipakwa ndani na nje ya manifoldi hupunguza joto linaloingia kwenye chuma badala ya kulifungia humo, na haishiki maji wala oili. Haizuii kiasi kile utepe unachozuia, na inategemea sana maandalizi ya uso kabla ya kupaka.

Blanketi la turbo nalipendelea kuliko utepe wa manifoldi, kwa sababu nyumba ya tabini ni kipande kinene cha chuma kilichomiminwa kwa ajili ya moto, kinaweza kubeba mzigo huo, na ndiyo taa kubwa ya miale chini ya boneti. Lakini livishwe nyumba ya tabini peke yake. Sehemu ya katikati yenye beringi iachwe wazi, na nyumba ya kompresa (upande wa turbo unaobana hewa inayoingia) hivyo hivyo. Nimeona picha za turbo zilizofungwa gubigubi kama zinaenda safari ya barafuni. Mwenye kufanya hivyo ameihamishia oili ya beringi moto aliokusudia kuuzuia.

Dakika za baada ya kuzima

Oili ikiwa inatiririka, beringi za turbo ziko salama hata tabini ikiwa nyekundu. Hatari inaanza ufunguo unapozimwa. Pampu ya oili imesimama, hewa imesimama, na kile kipande kinene cha chuma bado kina moto wake wote, sasa kinausukuma kupitia shafti kuelekea katikati. Oili iliyobaki mle inaiva na kugeuka kaboni ngumu, ambayo hujikusanya safari baada ya safari hadi tundu la oili linaziba. Turbo inakufa kwa ukame, na watu wanailaumu busti.

Turbo zenye njia ya maji zilitengenezwa kwa ajili ya dakika hizo. Injini ikizimwa, maji yaliyo mle yanapashwa, yanapanda, na maji baridi yanaingia nyuma yake bila pampu yoyote. Hilo linatokea tu kama mpira wa kuingilia uko chini na wa kutokea uko juu, ukipanda mfululizo bila kona inayoshuka. Wengine huilaza sehemu ya katikati digrii 20 hivi ili tofauti hiyo ipatikane. Anayeacha kuunganisha maji kwa kuwa oili inatosha ameitupa kinga aliyoilipia. Viwanda vikiweka turbo pagumu zaidi huongeza pampu ya umeme: BMW ilipoziweka turbo mbili ndani ya V, yaani katikati ya safu mbili za silinda, za injini yake ya V8 ya N63 mwaka 2008, iliweka pampu ndogo inayoendelea kuzungusha maji baada ya gari kuzimwa. Kwako wewe, njia ya bure ni kuendesha taratibu kilomita za mwisho. Kuiacha injini ikinguruma imesimama kunasaidia, ila kunapoza taratibu kuliko gari linalotembea, kwa kuwa hewa haipiti.

Hewa inayoingia, hewa inayotoka

Watu huona joto la chini ya boneti kama tatizo la plastiki na waya. Ni tatizo la nguvu pia. Chukua kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, busti ya baa 1. Ikivuta hewa ya nyuzi 25, itaitoa ikiwa na nyuzi 118 hivi. Ikivuta hewa ya nyuzi 60 kutoka kando ya manifoldi, itaitoa na 164. Umeongeza 35 mlangoni, umelipa 46 upande wa pili, na yote hayo unaitupia intakula. Juu yake, hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo turbo inabidi izunguke kasi zaidi kupata uzito ule ule wa hewa. Chujio la wazi lililosimama pembeni ya turbo linapiga kelele nzuri tu. Lijengee boksi na lipelekee hewa kutoka mbele ya gari.

Kuhusu kutoa hewa, kuna mazoea ya kuinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (vipete vya chuma) kwenye bawaba. Gari likiwa limesimama linasaidia. Likishika kasi, sehemu iliyo chini ya kioo cha mbele ina shinikizo kubwa, na hewa huingia hapo badala ya kutoka. Matundu yakatwe sehemu ya mbele hadi katikati ya boneti, nyuma ya rejeta, ambako hewa hunyanyuka na kuvuta. Na lile bati au plastiki la chini ya injini lisiondolewe bila kupima kwanza. Kwenye magari mengi ndilo linalosaidia hewa ya moto kufyonzwa kwenda chini ya gari.

Vitu vidogo, na kupima

Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155. Kama masta silinda (pampu ya breki) iko upande wa turbo, hapo hakuna mzaha. Nyaya za kawaida zenye ganda la PVC huishia karibu nyuzi 105, nyingine hata kabla ya hapo. Mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye turbo ukipita karibu na manifoldi hukakamaa, hupasuka, na oili hudondokea kwenye chuma chekundu. Ikidondokea kwenye utepe ni mbaya zaidi, kwa kuwa utepe huinyonya na kuwa utambi. Utepe uliolowa oili hausafishwi, unatupwa, na uvujaji unatengenezwa kwanza kabla ya kufunga mwingine.

Kubahatisha hakuna maana wakati vipimo ni rahisi. Sensa ya joto ya aina ya K iliyopachikwa kwenye manifoldi kabla ya tabini inaonyesha ukweli wa tyuni. Ikiwekwa baada ya tabini itasoma chini kwa nyuzi 100 au 200, na tofauti yenyewe hubadilika kwa mzigo, kwa hiyo usilinganishe namba zako na za mtu aliyeweka yake kwingine. Bunduki ya kupimia joto kwa miale hudanganywa na vitu vinavyong'aa: ielekeze kwenye alumini iliyong'arishwa nayo itakusomea joto la kitu kingine kinachojitazama pale. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, pima hapo.

Kwa vifaa vya pembeni, tumia stika zinazobadilika rangi zikivuka kiwango fulani cha joto na zisirudi tena. Bandika moja kwenye masta silinda, moja kwenye boksi la fyuzi, moja kwenye mpira wa oili, moja kwenye bomba la intakula, ukimbize gari kama unavyolikimbiza siku zote, kisha ulizime na uliache lipoe lenyewe kabla ya kufungua boneti, kwani joto la juu la vifaa hivi mara nyingi hufikiwa dakika kadhaa baada ya kuzima. Ukifungua, kaza tena nati za manifoldi chuma kikiwa baridi. Baada ya mizunguko ya kwanza ya kupata moto na kupoa, huwa zimelegea.